Nasaha kwa Mpiga Udi Anayeitamani Jazi

Mpiga udi anayeisikiliza jazi kwa mapenzi hufikiwa, mapema au baadaye, na shauku ya kuipiga kwa chombo chake mwenyewe, na hapo ndipo mashaka yanapomwingia, kwa kuwa watu wa pande mbili humwambia maneno ya kumvunja moyo. Wazee wa taarabu humwambia kwamba udi ni wa taksimu na bashrafu na kwamba kuupeleka kwingine ni kuuvunjia heshima. Na wapigaji wa jazi humwambia kwamba chombo kisicho na akodi za kutosha, ambacho sauti yake hufifia mara baada ya kupigwa, hakitaweza kusimama mbele ya saksafoni na dramu. Nasaha ninazokusudia kuzitoa hapa ni kwa ajili ya mpigaji huyo, naye namchukulia kuwa ameshausoma udi wake kiasi cha kuzipiga nyimbo za kawaida kwa sauti zilizo sahihi, maana asiyepajua bado mahali pa Sikah na pa Bayati katika shingo ya udi hana budi amalize kwanza somo hilo mbele ya mwalimu wake. Nisemapo jazi, muradi wangu ni ule muziki wa Wamarekani weusi uliozaliwa New Orleans na kukulia Chicago, Kansas City na New York, wala si dansi la bendi zetu tukufu kama Tabora Jazz na Morogoro Jazz, ambalo lina taratibu zake na linastahili makala yake.

Jambo la kwanza kulifahamu, nionavyo mimi, ni kwamba udi huingia katika jazi kwa njia ya lahani, si kwa njia ya akodi, na kwamba taabu nyingi za wapigaji hutokana na kutaka kuugeuza udi kuwa gitaa. Historia yenyewe inalishuhudia jambo hili. Udi wa Kiarabu ulipovuka Andalusia na kuwa luti ya Ulaya, wapigaji wa huko waliizungushia shingo yake nyuzi za utumbo ili kuweka mipaka ya kila sauti, na ilipofika mwisho wa karne ya 15 wakaanza kuiweka risha kando na kupiga kwa vidole, kwa sababu walitaka sauti tatu au nne ziende pamoja, kila moja katika njia yake. Kwetu risha haikuachwa, na shingo ikabaki tupu. Na kwa hivyo udi ukabaki kuwa chombo cha mstari mmoja wa sauti unaotembea, wenye idhini ya kusimama popote baina ya vibao viwili vya piano. Asidhani mtu kwamba huo ni upungufu. Saksafoni nayo haina akodi, wala hakuna mwenye akili aliyepata kusema kwamba John Coltrane alikosa kitu kwa sababu hiyo. Anayeulazimisha udi ushike akodi nene za sauti nne na tano atapata gitaa dhaifu lisilo na mipaka na lenye sauti za mashaka, ilhali anayeushika kama mwimbaji wa pili, anayejua kutamka na kunyamaza, atakuwa na kitu ambacho mpiga gitaa hana.

Kabla ya kufanya mazoezi yoyote, sikiliza kazi za waliotangulia, na usizisikilize zote kwa mara moja. Anza na Ahmed Abdul-Malik, mzaliwa wa Brooklyn wa mwaka 1927, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa besi, na ndiye aliyekuwa mpiga besi wa Thelonious Monk mwaka 1957 na 1958. Mwezi wa Oktoba 1958 alirekodi sahani yake ya Jazz Sahara, na humo akaupiga udi pamoja na ganuni, fidla na dumbaki, kisha akamkaribisha Johnny Griffin na saksafoni yake. La kulitazama humo ni kwamba si udi uliotoka kwenda kuzihangaikia akodi za jazi, bali ni saksafoni iliyokuja kukaa juu ya maqamu na mapigo ya udi. Na mtu anayeanza atapata nafuu kubwa akiipanga kazi yake hivyo. Kisha msikilize Rabih Abou-Khalil, aliyezaliwa Beirut mwaka 1957 na kuhamia Munich wakati wa vita vya Lebanoni, hususan katika Blue Camel ya mwaka 1992, ambamo Charlie Mariano anapiga saksafoni, Kenny Wheeler anapuliza flugohoni na Steve Swallow anashika besi. Utaona jinsi lahani ilivyoandikwa ili udi na chombo cha kupulizwa viende na sauti ile ile kwa wakati mmoja: risha inatoa ukali wa mwanzo wa sauti, na pumzi inaibeba sauti hiyo pale ambapo uzi ungeiacha ife. Hila hiyo peke yake imewatatulia watu wengi tatizo la ufupi wa sauti ya udi.

Wa tatu, na ambaye mimi humrudia kuliko wote, ni Anouar Brahem wa Tunis, mwanafunzi wa ustadhi Ali Sriti. Katika Thimar ya mwaka 1998 yumo yeye na udi wake, John Surman na saksafoni yake ya soprano na klarineti ya besi, na Dave Holland na besi kubwa. Ngoma haimo hata moja, na hata hivyo mapigo hayapotei, kwa sababu Holland ameyabeba mkononi mwake. Katika Le pas du chat noir ya mwaka 2002 kuna udi, piano na akodioni, wala besi haimo. Na sikio lililolelewa na vikundi vya taarabu vya Unguja, ambamo akodioni imekaa jirani na udi kwa miaka mingi, halitaona ugeni wowote katika ujirani huo. Katika Blue Maqams ya mwaka 2017 Holland amerejea, na pamoja naye wamo Jack DeJohnette kwenye dramu na Django Bates kwenye piano. Msikilize Bates jinsi anavyopiga vibao vichache udi unapozungumza, na DeJohnette jinsi anavyoyagusa matasa yake kwa wepesi, kisha umpe sahani hiyo kila mpiga piano na kila mpiga dramu utakayetaka kushirikiana naye, kwani itamfundisha mengi ambayo wewe ungeyasema kwa taabu.

Mintarafu ya chombo chenyewe, sina mengi. Taratibu maarufu ya Kiarabu ya kuzikaza nyuzi, tangu besi kwenda juu, ni Do, Fa, La, Re, Sol na Do, na mifano yote nitakayoitoa imejengwa juu ya hiyo. Wenye kufuata taratibu ya Kituruki, ambayo iko juu kwa toni nzima, watageuza wenyewe. Wafuasi wa mtindo wa Iraki, ule wa Munir Bashir, huwa na uzi wa Fa ulio juu ya Do ya mwisho, na uzi huo una manufaa makubwa katika jazi, kwa kuwa huiinua sauti ya udi juu ya besi na mkono wa kushoto wa mpiga piano. Katika taarabu umezoea kuukaza udi kwa kadiri ya koo la mwimbaji, walakini piano haishuki wala haipandi kwa ajili ya mtu, hivyo La yako na iwe ya mitetemo 440 kwa sekunde, iliyopimwa kwa kipimo na si kwa kukisia. Nyuzi pacha lazima ziafikiane kabisa, maana hitilafu ndogo ambayo katika wimbo wa mahaba huleta utamu, mbele ya piano husikika kuwa uzembe. Na kwa kuwa ukumbi wenye kiyoyozi hubadili hali ya mti na nyuzi, hasa kwa chombo kilichozoea hewa nzito ya pwani, uingize udi wako humo mapema, uache utulie, kisha uukaze upya.

Sasa nafika penye uzito wa kazi, napo ni kwenye mapigo. Watu hudhani kwamba ugumu wa jazi uko katika wingi wa akodi zake, na kwa hivyo hununua vitabu vya akodi. Lakini akodi hujifunzwa kwa kichwa na kitabu, ilhali ule mbembeo wa jazi hauingii mtu ila kwa mwili na sikio, na mpiga udi ana kizuizi chake mahususi ambacho hakimo katika vitabu vya wapiga gitaa. Mafunzo yetu yametuzoeza kuishusha risha kwa uzito wa mkono katika kila pigo lenye nguvu na kuipandisha kwa wepesi katika pigo dhaifu. Risha ya kushuka hupumzika juu ya uzi unaofuata na kutoa sauti nene, na ya kupanda husikika kama mwangwi wake. Desturi hiyo inafaa sana pale dumbaki inapotia dum yake mwanzoni mwa mizani. Jazi ina ada nyingine. Ndani ya mapigo manne, wasikilizaji hupiga makofi kwenye la pili na la nne. Na kila pigo linapogawanywa sehemu mbili, sehemu ya kwanza huwa ndefu na ya pili huwa fupi, na ile fupi ndiyo inayotiwa msukumo. Kwa maneno mengine, risha ya kupanda, ambayo maisha yako yote umeifanya kuwa mtumishi, hapa inatakiwa iongoze.

Zoezi ninalolipendekeza ni la kuchosha, lakini sijui lililo bora kuliko hilo. Weka metronomu kwenye 60, na badala ya kuyachukulia mapigo yake kuwa moja, mbili, tatu, nne, yachukulie kuwa ni la pili na la nne tu, ili wewe mwenyewe uyatie la kwanza na la tatu katika ukimya. Piga ngazi moja, tuseme Re hadi Re, polepole, na utie nguvu kwenye risha ya kupanda peke yake. Ukishaizoea, tia nguvu kwenye kushuka peke yake. Kisha ondoa nguvu zote mbili hadi zilingane, maana mpigaji aliye huru ni yule anayeweza kuchagua. Baada ya hapo jifunze hila ya wapuliza saksafoni, ambao huigusa kwa ulimi sauti fupi iliyo katikati ya mapigo, kisha huteleza kwa pumzi hiyo hiyo hadi kwenye sauti inayoangukia pigo. Kwa udi, sauti fupi ipigwe kwa risha, na inayofuata itolewe na kidole cha mkono wa kushoto kikiangukia uzi bila ya risha. Kwa kuwa shingo ya udi haina mipaka ya chuma, kidole laini hakitatoa kitu, basi kiangushe kwa ncha, kwa ukali, na karibu na sauti iliyotangulia. Na ukiona masafa ni mapana mno, tumia risha mara mbili pasipo kuona haya.

Wala usizitafute kasi za New York. Wapo wanaojifunza kwanza nyimbo za mbio za Charlie Parker, na matokeo yake ni msururu wa sauti sahihi zisizo na uhai. Aliyenifaa mimi kuwa mfano si Parker bali ni Charlie Christian, mpiga gitaa aliyezaliwa mwaka 1916, akaingia bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, akafariki mwaka 1942 akiwa bado kijana mbichi. Kwa sababu yeye, katika wakati ambapo gitaa lilikuwa chombo cha kutia akodi nyuma ya wengine, alilipiga kama saksafoni, uzi kwa uzi, kwa lahani iliyo wazi, na kila alichokipiga kinaingia katika mikono miwili ya mpiga udi. Chagua mzunguko mmoja tu wa lahani zake za papo kwa papo. Usikilize hadi uweze kuuimba kwa mdomo pamoja na pumzi zake na ukimya wake, na usiuguse udi kabla hujaweza hivyo. Mtu asiyeweza kuimba mbembeo hataweza kuupiga, hata awe na mkono wa namna gani.

Katika kubuni lahani papo kwa papo, mpiga udi ana hazina ambayo wengine huihusudu, nayo ni taksimu. Munir Bashir, aliyekaa peke yake katika majukwaa ya Ulaya akawashika wasikilizaji kwa udi mmoja, alionyesha bayana ni kiasi gani cha fikira kinachoweza kujengwa ndani ya maqamu moja bila ya msaada wa mtu. Lakini taksimu na lahani ya jazi zinaachana katika mambo mawili yasiyo madogo: taksimu haina mizani, na unaimaliza utakapo, jazi ina mzunguko unaorudi, na wenzako watatu au wanne wanatembea ndani ya mzunguko huo pamoja nawe, nao wanakusikiliza na kukujibu. Kwa hivyo usiruke kutoka ya kwanza hadi ya pili. Mwambie kwanza mpiga besi ashike Re ya chini bila ya mapigo, nawe upige taksimu yako kama ulivyofundishwa, ukianza chini, ukipanda kwa daraja na kurudi kwa qafla iliyo kamili. Siku nyingine mwambie atembee mapigo manne kwa kila mizani, akibakia katika maqamu ile ile, nawe uyaseme yale yale ndani ya mapigo. Qafla zako zitakapokuwa zinaangukia mahali pake pasipo wewe kuhesabu, hapo ndipo uingie katika mzunguko.

Mzunguko wa kuanzia, kwa rai yangu, ni ule wa So What, wimbo wa kwanza katika sahani ya Miles Davis ya mwaka 1959 iitwayo Kind of Blue. Una mizani 32: mizani 16 katika ngazi ya Re, yaani Re, Mi, Fa, Sol, La, Si na Do, mizani 8 katika ngazi ile ile iliyopandishwa nusu toni, kisha mizani 8 za kurudi Re. Katika sehemu ya Re, udi uko kwake, kila uzi ulio wazi unakuunga mkono. Ukipanda nusu toni, nyuzi za wazi za Re, Sol na La zinageuka kuwa nje ya ngazi kwa ghafla, na mkono uliozoea kuziegemea utakufedhehesha usipoutayarisha. Zilizobaki halali ni Do na Fa tu. Mizani hizo 8 ndizo zinazomtenga aliyejiandaa na asiyejiandaa, basi zifanyie mazoezi peke yake, siku nyingi, bila ya kuzigusa nyuzi wazi hata zile zinazoruhusiwa. Utamsikia Davis mwenyewe katika wimbo huo akisema mengi kwa sauti chache, na hiyo ni tabia inayoafikiana na udi kabisa.

Utashawishika kuitia Bayati juu ya Re hiyo, kwa kuishusha Mi robo toni, na besi ikiwa peke yake chini yako itakuwa tamu ajabu. Lakini kibao cha Mi kwenye piano kikigongwa wakati huo huo, zitagombana. Afikianeni kabla: katika mzunguko gani piano itanyamaza, au itashika Re na La tu, ili udi upate nafasi ya kusema kwa robo toni zake. Maafikiano madogo ya namna hii ndiyo yaletayo adabu katika kundi.

Kuna nyimbo mbili ambazo kila mpiga udi huletewa na marafiki zake wa jazi, nazo ni Caravan ya Juan Tizol na Duke Ellington, ya mwaka 1936, na A Night in Tunisia ya Dizzy Gillespie. Ni nyimbo nzuri zilizotungwa na mafundi wakubwa. Hata hivyo nakunasihi usianze nazo. Ni picha ya nchi za Kiarabu kama ilivyokuwa katika fikira za watu wa ng'ambo, na udi ukiingia humo kwa Hijazi yake utapokewa kama pambo la picha hiyo, wala hakuna atakayekusikiliza wewe. Anza na nyimbo ambazo hakuna aliyeutazamia udi ndani yake.

Bora zaidi kuliko zote ni bluzi, na bluzi iliyo bora kwa udi wa Kiarabu ni ya Sol. Ina mizani 12: nne za Sol, mbili za Do, mbili za Sol, moja ya Re, moja ya Do, na mbili za Sol; na tazama ya kuwa misingi yote mitatu, Sol, Do na Re, ni nyuzi zako zilizo wazi, kwa hivyo unaweza kujisindikiza mwenyewe kwa kuugonga uzi wa msingi baina ya maneno yako. Fauka ya hayo, bluzi huipenda sana ile sauti ya tatu iliyo baina ya Si na Si iliyoshushwa nusu toni, ambayo mpiga piano hawezi kuipata na huidanganyia kwa kuvigonga vibao viwili pamoja, na mpiga gitaa huitafuta kwa kuuvuta uzi. Sikio lililolelewa na Rasti linaijua tangu utotoni. Walakini hapa panahitaji nadhari kubwa, kwa kuwa jirani huyu si ndugu wa tumbo moja. Katika Rasti ya Sol, sauti hiyo ni makao. Unaifikia, unatua juu yake, na msikilizaji anatulia pamoja nawe. Katika bluzi haitulii: inaanzia chini na kupanda, au inashuka kuelekea Sol, na uzuri wake uko katika kuhangaika huko. Mpigaji anayetua juu yake kama anavyotua katika Rasti atakuwa amepiga Rasti yenye mizani 12, na bluzi itakuwa imetoweka. Wasikilize waimbaji, Bessie Smith kwa mfano, na ufuate koo linavyoiendea sauti hiyo na kuiacha. Kidole cha mpiga udi, kisichozuiwa na chuma, kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuteleza tu.

Nimesema udi si wa akodi, lakini sikusema uwe bubu wakati mwenzako anapobuni lahani yake. Inatosha kuzishika sauti mbili zinazobeba maana ya akodi nzima, yaani ya tatu na ya saba, nazo mpiga besi ataziwekea msingi chini. Tazama mwendo ulio wa kawaida kuliko wote katika jazi, ule wa Re ndogo kwenda Sol ya saba kwenda Do. Kwa Re shika Fa na Do. Kwa Sol bakisha Fa na uishushe Do iwe Si. Kwa Do bakisha Si na uishushe Fa iwe Mi. Kila mara sauti moja tu imesogea, na kwa nusu toni. Yote haya yamo katika nyuzi mbili zilizo jirani, wa Re na wa Sol, chini ya vidole bila ya kunyoosha mkono, na risha inazipitia kwa mpigo mmoja. Ukiyajua haya katika milango mitatu au minne utaweza kuwasindikiza wenzako katika nyimbo nyingi sana. Na akodi za sauti tatu ziachie mwisho wa wimbo, pale unapoweza kuzipiga taratibu, uzi baada ya uzi, ukizisahihisha kwa sikio.

Kuhusu wenzako, wa kwanza kumtafuta ni mpiga besi, na si kwa sababu ya muziki peke yake: nyuzi zako za chini na zake hukaa mahali pamoja, na mkipigana humo sauti itakuwa tope. Muachie yeye chini, nawe ukae kwenye nyuzi za La, Re, Sol na Do ya juu. Mpiga dramu na aje na mafagio badala ya vijiti, au mpate dumbaki na rika, ambazo zina nafasi kati ya milio yake kwa ajili ya risha. Maikrofoni iwekwe kiasi cha shubiri moja hadi mbili kutoka uso wa udi, ikielekea baina ya tundu na mahali nyuzi zinapofungwa, wala isiitazame tundu moja kwa moja, kwa kuwa tumbo la udi ni tupu na kubwa, na spika zikirudisha sauti ndani yake zitaanza kuvuma. Kinasa sauti kinachobandikwa usoni kinastahimili kelele zaidi, lakini kinaondoa hewa katika sauti; kitumie pale ambapo huna budi.

Haya yote yanafaa pia kwa muziki mwingine wa kisasa. Dhafer Youssef wa Tunisia ameupeleka udi katika muziki wa vyombo vya umeme na kompyuta, na huko kanuni ni zile zile, ila mapigo hayatakungoja, na robo toni zako lazima zijulikane kwa yule anayezitayarisha sauti za mashine. Na wazee wanaolalamika wakumbushwe kwa upole kwamba taarabu yetu yenyewe iliyapokea mapigo ya rumba na bolero, ikaipokea akodioni na besi kubwa, na haikufa. Malalamiko yao yana haki katika jambo moja, nalo ni kwamba anayekimbilia mapya pasipo kuyajua ya kwao huja na udi mtupu. Kwa hivyo endelea kwenda kwa mwalimu wako, iwe ni nyumbani kwake au katika chuo kama kile cha muziki kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, na mazoezi ya jazi yasichukue nusu ya muda wako katika miaka ya mwanzo.

Utakapokuwa tayari kusimama mbele ya watu, nyimbo nne zinatosha. Fungua kwa bluzi ya Sol ya mwendo wa wastani, besi ikianza peke yake mizani 12 ili masikio ya watu yazoee chini kabla ya kuusikia udi. Ufuatie kwa taksimu fupi inayoingia katika mzunguko wa Re, piano ikiwa kimya hadi mizani ya kwanza ya lahani. Wimbo wa tatu uwe wa kwetu, mmoja ambao wasikilizaji wanaujua kwa moyo, ulioupanga upya ili udi na saksafoni au nai viende na lahani ile ile, na mapigo yake myaache kama yalivyo. Wa nne uwe ule mliouzoea kuliko wote katika mazoezi. Baina ya nyimbo uzikaze nyuzi zako bila ya haraka, na umwombe mpiga piano akupe La moja, kwa sauti ya chini, akuachie nafasi uisikie.